Nyumba ya Kikima na Mbuzi Usiowaleta

Baba Ndinda,

Mbuzi wako wamefika. Wameshushwa kutoka kwenye pikapu asubuhi hii mbele ya nyumba yangu, watatu, wamefungwa kamba mpya za katani, na sasa hivi wanakula maua niliyopanda kando ya mlango. Dereva aliyewaleta aliniambia, "Mama, Mzee Kioko wa Mtito Andei amesema unajua ni za nini." Najua. Hata waliokuwa wakipita kwenda sokoni wanajua. Kikima si mahali pa kuficha mbuzi watatu.

Nakujibu kwa barua hii, na sitaifunga kwa gundi. Dereva akitaka aisome. Watu wa hoteli zote za Mtito Andei wakitaka waisome. Nasikia macho yako yamechoka, basi atakayekusomea asome kwa sauti, na mlango uwe wazi. Mambo yetu ulianza kuyatangaza wewe mwenyewe, kanisani, mbele ya watu. Mimi namalizia tu.

Lakini nitaanza mahali pazuri, nisije nikaambiwa nilizaliwa na roho mbaya.

Unakumbuka Mwingi? Uhuru ulikuwa bado mpya, na sisi tulikuwa wapya kuliko uhuru. Tulipanga chumba kimoja nyuma ya duka, chumba chenye harufu ya mafuta ya taa na ngozi. Ulikuwa ukiamka kabla ya jogoo kwenda kuwalaki wachungaji waliokuwa wakishuka na mifugo kutoka kaskazini, na jua likishatoka mimi nilikuletea uji sokoni ndani ya kibuyu. Nilipenda kukutazama ukifanya kazi. Ulikuwa ukipitisha vidole viwili juu ya mgongo wa mbuzi, unafumba macho, halafu unataja bei, na mwenye mbuzi anaanza kulia kabla hujamaliza. Watu walisema Kioko ana macho kwenye vidole. Nilijivuna, nikatembea soko zima na kibuyu changu kama mke wa chifu.

Siku moja mfugaji mmoja alichelewa, akafika na mbuzi wake jua likiwa utosini, na ukawanunua kwa bei ya kuchekesha. Nikakuuliza kama huoni huruma. Ukanijibu, "Mama, mbuzi akichelewa soko, huuzi mbuzi tena. Unauza ngozi." Nimelikumbuka neno hilo maisha yangu yote. Utaona kwa nini.

Na kuna siku ile ya beberu mweusi. Alikuwa mnene, mwenye kiburi, sikio moja jeupe kama limechovywa kwenye unga. Nilikushika mkono nikakwambia, "Huyu ndiye wa baba." Ulielewa nilichosema. Kwa wasiotoka kwetu, nieleze. Ukambani mwanamume anaweza kuleta asali, akaleta blanketi ya mama mkwe, akaleta hata ng'ombe, na watu wakala na kushukuru. Lakini mpaka mbuzi wa ntheo wafike kwa kina msichana, wachinjwe pale, waliwe na pande zote mbili, hakuna ndoa. Mwanamke anaweza kupika, akazaa, akazeeka katika nyumba ya huyo mwanamume, na bado kwa hesabu ya wazee yuko kwa baba yake. Ni mbuzi watatu tu. Maskini kabisa huwatafuta akawapata.

Ulicheka. Ukasema, "Huyu ana mteja tayari. Wa baba yako atakuja." Kabla ya adhuhuri beberu alikuwa ndani ya lori akielekea barabara ya Mombasa. Na mimi nilicheka pia, kwa sababu nilikupenda, na akipenda, chongo huita kengeza.

Baba yangu, Musembi, alikungoja. Kila Desemba ulituma salamu kwamba mvua haikuwa nzuri, mbuzi wamekonda, mwakani bila shaka. Baba alikuwa akichukua kisu chake, anakiangalia, anasema kwa mzaha, "Hiki kitaliwa na kutu kabla hakijala mbuzi wa Kioko." Mwanzoni sote tulicheka. Baadaye alikuwa akicheka peke yake. Alikufa hajawaonja. Na wewe ulikuja kwenye mazishi yake umevaa koti zuri, ukalia kuliko wanawe, na kesho yake ukarudi sokoni kununua mbuzi wa watu wengine.

Nilibaki na wewe. Ndinda alikuwa ameshazaliwa, na Mwikali alikuwa tumboni, na mimi nilikuwa nimepata kazi ya metroni katika shule ya wasichana huku Mbooni, karibu na kwetu. Tulipewa nyumba ya wafanyakazi, ndogo, yenye ukuta wa mbao na baridi ya kupasua midomo. Wewe ulikuja na kuondoka. Ukija, ulileta nyama, na wasichana wako walikurukia shingoni. Hilo sitalifuta. Ulikuwa baba mzuri wa siku mbili mbili.

Miaka ikapita, nikiwaamsha watoto wa watu, nikiwapaka dawa ya upele, nikiwatoa chini ya vitanda walikojificha kukwepa ibada. Kila mwezi sehemu ya mshahara wangu ilikatwa kuwekwa akiba ya uzeeni. Sikuiona, lakini nilijua iko, kama mtu anavyojua ana mihogo chini ya udongo. Halafu magoti yakaanza kunikataa, shule ikaniambia nistaafu, ikanishukuru kwa sufuria mbili na hotuba. Ikanipa akiba yangu na kiinua mgongo. Ikanipa pia muda mfupi wa kutoa vitu vyangu kwenye nyumba ya wafanyakazi, kwa sababu metroni mpya alikuwa njiani.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sina pa kwenda. Shamba lako la Kitui, lile la baba yako, ulikuwa umeshaliuza kununua mbuzi. Kwetu kulikuwa kwa kaka yangu Musyoka na wanawe. Nilikuwa mwanamke mzima, nimefanya kazi tangu ujana, na nilikuwa na sufuria mbili.

Mzee Nzau, mwenye duka hapa sokoni Kikima, wakati huo alikuwa anauza nyumba hii. Alichoka na duka, akataka kurudi shambani kwake. Nyumba ya mawe, mabati mazito, vyumba viwili mbele vinavyotazama soko na vingine vitatu nyuma. Alikuwa tayari kupokea malipo ya kwanza makubwa, halafu mengine kidogo kidogo, na kuandikisha nyumba kwa jina la mnunuzi siku atakapolipwa yote. Malipo hayo ya kwanza yalikuwa akiba yangu yote. Yote, Baba Ndinda. Kalekye, mpishi wa shule, rafiki yangu, aliniambia, "Wewe, hiyo pesa ya uzee si ya mawe. Ni ya kula wakati huna meno." Nikamjibu kwamba heri nitafune ufizi ndani ya nyumba yangu kuliko nitafune nyama kwenye veranda ya mtu. Alitingisha kichwa. Mimi mwenyewe sikulala vizuri wiki nzima, maana niliogopa.

Nzau alikataa kuongea na mimi. Alisema nyumba huongewa na mwanamume. Basi nikakuita kutoka Mwingi. Ukaja umenyoa vizuri. Nilibeba pesa zangu ndani ya kiondo, chini ya sukuma wiki, nikaketi nyuma yako kwenye benchi. Mliongea, mkacheka, mkapatana. Halafu ulinyoosha mkono nyuma, bila kugeuka, bila kunitazama, kama mtu anayeomba chumvi. Nikaweka maisha yangu mkononi mwako. Ukamhesabia Nzau polepole, ukilamba kidole, na Nzau akakwambia, "Wewe ni mwanaume, Kioko." Ukasema, "Tunajaribu."

Jumapili ukasimama kanisani wakati wa shuhuda. "Bwana asifiwe! Mungu amenisaidia nimenunulia familia yangu nyumba." Watu wakapiga makofi, kina mama wakaimba. Nilikuwa nimeketi mstari wa pili, nikapiga makofi pia. Mikono yangu bado inakumbuka makofi hayo, na inaona haya.

Baada ya hapo ulihamishia biashara Mtito Andei, ukiuzia hoteli za barabarani nyama ya kuchoma ya madereva. Mwanzo ulikuja kila mwisho wa mwezi. Halafu Krismasi. Halafu tukaanza kupata salamu tu, na salamu hizo zilikuwa na harufu ya pilau ya mtu. Nikaambiwa mwenye hoteli uliyohamia ni mjane mchangamfu, kwamba ana jiko kubwa na wewe ndiwe unayekaa kwenye kaunta. Mimi nililipa nyumba. Nilipangisha chumba kimoja cha mbele kwa fundi wa viatu, kingine nikaweka cherehani na kushona sare za shule. Nilienda mwethya, ile kazi ya kusaidiana, na wanawake wenzangu kuchimba matuta, magoti yakilia. Nilikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, bila mafuta. Kila nilipompelekea Nzau kitu, alipokea kwa macho ya kushangaa, na siku moja akaniuliza, "Kioko yuko wapi?" Nikasema yuko kazini. Niliendelea kukufunika, mjinga mimi.

Kisha ukaja. Hukuja peke yako. Ulikuja na mtu wa kofia, mwenye tumbo, ambaye hakuniamkia. Aliingia chumba kimoja hadi kingine akipima kwa hatua zake, akagonga ukuta, akauliza mabati yana miaka mingapi. Fundi wa viatu aliinuka akasimama. Nikakuuliza huyu ni nani. Ukaniambia, ukiangalia dari, "Nataka kuongeza vyumba vya madereva kule Mtito. Hii nyumba imelala tu. Wewe utaenda kwa Musyoka, si huko ni kwenu?"

Si huko ni kwenu. Wewe ndiwe uliyeyasema maneno hayo, Baba Ndinda. Hukujua umenipa nini.

Sikulia. Niliwapa chai, wewe na kofia yako, na mkate niliupaka siagi. Mlipoondoka nilipanda mlima hadi kwa kaka yangu. Nilimkuta Musyoka anakamua. Nikamweleza yote. Hakuacha kukamua. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Mbuzi zilikuja?"

"Hazikuja."

"Basi nenda upumzike. Mwambie alete wazee wake, tuongee kama watu."

Na wewe ulikubali haraka! Ulidhani ni sherehe ya kuniaga. Ulikuja na baba yako mdogo kutoka Kitui na mzee mmoja wa kanisa, mkakaa kwenye viti vyangu. Nzau aliitwa pia, kwa kuwa nyumba ilikuwa bado kwa jina lake. Kalekye alinisaidia kupika. Nilichinja kuku wawili ili mshibe, maana mtu aliyeshiba huongea sana, na mimi nilitaka uongee.

Ukaongea. Musyoka alikuuliza kwa upole, "Kioko, hii pesa ya kwanza ya nyumba ilitoka wapi?" Ukatabasamu. "Ilitoka kwa bibi yangu, ile ya kustaafu. Sikatai. Mimi si mwizi. Lakini bibi ni wangu, na kitu ya bibi ni ya nani?" Wazee wakacheka. Musyoka alicheka kuliko wote, mpaka akapangusa macho. Mimi nilikuwa mlangoni na birika, na moyo wangu ulikuwa unapiga kwa furaha mbaya ambayo sijawahi kuisikia tena.

"Ni kweli," Musyoka akasema. "Kitu ya bibi ni ya bwana. Sasa nikumbushe, mimi nimezeeka. Mbuzi za ntheo tulichinja lini?"

Ulikohoa. "Si nilileta blanketi ya mama?"

"Blanketi tuliona. Ilikuwa nzuri."

"Na asali. Na ng'ombe, nilileta ng'ombe!"

"Ng'ombe tulikula, Mungu akubariki. Nauliza mbuzi."

"Musyoka! Mimi ni muuza mbuzi! Unaniuliza mimi mbuzi?"

"Ndiyo maana nauliza."

Baba yako mdogo alifunika uso kwa kofia yake. Baadaye akaitoa, akasema, "Kioko, umetuaibisha. Tumekaa kwa nyumba ya msichana wa watu tukisema ni yetu." Na Musyoka akamaliza kazi: "Hapa hakuna bibi. Hapa kuna dada yetu, na hii ni pesa yake." Nzau, ambaye zamani hakutaka hata kuongea na mimi, akaniangalia mara ya kwanza kama mtu. "Mimi nitaandikia yule amekuwa akiniletea," akasema. Na aliandika. Nilipomaliza kulipa, nyumba ikawa kwa jina langu na jina la baba yangu.

Nilikumiminia chai. Sikumwaga hata tone. Wewe uliimwaga kwenye kisahani.

Usifikiri sikulipia. Nilikuwa kiongozi wa kina mama kanisani, na wiki ile habari ilifika kwa mchungaji kwamba metroni mstaafu amekaa na mwanamume miaka yote hiyo bila ndoa. Nilivuliwa uongozi, nikaambiwa nikae nyuma kwa muda. Nilikaa nyuma, nikawaona wote migongo yao, na nikamwambia Mungu mambo ambayo sitaandika hapa. Iliyoniuma zaidi ni Ndinda. Aliniuliza jikoni, "Sasa mama, sisi ni wa nani?" Nikamwambia ni wa kwa Musembi. Zilipita siku kadhaa. Kisha akaja kunisaidia kushona, akasema jina la babu ni jina zuri. Hiyo ilinitosha.

Na unakumbuka harusi yake. Kijana wake, wa mji wa Wote, alileta mbuzi wa ntheo mapema kabisa, akihema, kama anafukuzwa. Walipelekwa kwa Musyoka, wakachinjwa kwa kisu cha baba yangu, kile cha kutu, tulichokinoa siku mbili. Ulisikia, ukaja. Ulisimama langoni na koti lako. Kila mtu alikuona. Hakuna aliyekuita kukaa na wazee, kwa sababu mwenye kula mbuzi wa binti ni aliyeleta mbuzi wa mama yake. Nilikutumia soda, kama mgeni. Uliinywa ukiwa umesimama, ukarudisha chupa, ukaondoka. Nilikuangalia mpaka ulipopotea barabarani, na wali ulikuwa mtamu siku hiyo kuliko wali wote niliowahi kula.

Sasa mjane wako ameuza hoteli akaenda kwa wanawe, na kaunta haina tena mtu wa kukaa. Nasikia unaumwa, unalala chumba cha kupanga. Nasikia unawaambia watu una nyumba Kikima. Na umetuma mbuzi watatu.

Nilitoka kuwaangalia. Niliwapitishia vidole viwili mgongoni, kama ulivyokuwa ukifanya. Wanono wote. Mwenye macho kwenye vidole hakupoteza macho hayo. Mitamba wawili wazuri, na beberu. Beberu mweusi. Sikio moja jeupe kama limechovywa kwenye unga.

Niliketi chini, Kioko. Pale pale, kwenye jiwe la mlango, mbele ya watu wa soko. Kalekye alidhani nimeugua.

Miaka yote hii nilijiambia kwamba ulisahau. Kwamba wewe ni mtu wa kupitiwa na mambo, kwamba mbuzi walikuwa wengi mno mikononi mwako hata ukashindwa kuona watatu. Kwa mtu aliyesahau nilikuwa nimeweka akiba ya huruma kidogo, sikatai. Ungeniletea mbuzi wowote, wa rangi yoyote, labda ningetafuta kisu. Lakini ulimkumbuka huyu. Ulikumbuka rangi yake, ulikumbuka sikio lake, ukamtafuta mpaka ukampata anayefanana naye. Kumbe uliyajua siku zote. Baba yangu alipokuwa akikiangalia kisu chake, ulijua. Uliponyoosha mkono nyuma bila kunitazama, ulijua. Ulipoleta mtu wa kofia, ulijua. Huruma ile niliyoiweka nimeitoa yote leo, na sikuitumia kwako.

Mbuzi wanarudi na pikapu hiyo hiyo. Watu wa Kikima wamewaona wakishuka na watawaona wakipanda, wakiwa watatu, wazima. Wamekunywa maji yangu na kula maua yangu. Kisu hawajakiona. Usimtume mtu kwa Musyoka, naye ameshaambiwa. Na siku yangu ikifika nitazikwa kwa baba yangu. Ukisikia, usije na koti lako.

Wauze hao wenye nyama, ujinunulie dawa na blanketi. Mtito Andei kuna joto, lakini uzee una baridi yake. Ila bei nzuri usitarajie, watafika jua likiwa limeshapita utosini. Uliniambia mwenyewe kinachouzwa saa hizo.

Kwaheri, Baba Ndinda. Naenda kupanda maua mengine.

Ni mimi,
binti ya Musembi, ambaye hajaolewa.